Kodachrome na warithi wake: picha za nyumbani zilipokosa wa kuzisafisha

Mwezi Mei mwaka 2005, kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa tangazo lililowagusa watu wachache tu. Kampuni ilisema itaacha kutengeneza Kodachrome 40 katika kaseti za Super 8, yaani ile filamu ya rangi ambayo kwa zaidi ya miaka thelathini familia za Ulaya na Marekani zilikuwa zikiitumia kuhifadhi harusi, hatua za kwanza za watoto, safari za likizo na nyuso za wazee wao. Tangazo hilohilo lilikuwa na habari ya pili: mahali pa Kodachrome patachukuliwa na filamu nyingine, Ektachrome 64T.

Neno "badala" ni jepesi kulitamka. Mtu akikosa mchele akanunua unga, amepata badala, na watoto hawatalala njaa. Lakini viko vitu ambavyo badala yake hukidhi haja ya kesho na kuiacha haja ya jana bila mwenyewe, na filamu ya nyumbani ilikuwa kimojawapo. Tumeona vyema kuieleza habari hii katika ukurasa wa familia, ijapokuwa kamera za aina hiyo kwetu zilikuwa za wachache wenye uwezo, kwa sababu kila nyumba leo ina picha za watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki, na si kila nyumba imejiuliza picha hizo ziko mikononi mwa nani.

Tuanze na upana wa filamu, maana ndio uliozaa mambo yote. Filamu ya majumba ya sinema ina upana wa milimita 35. Ni nzito na ghali, na katika siku za mwanzo ilikuwa ikishika moto kama baruti. Mwaka 1923 Kodak walileta ya milimita 16, iliyo salama zaidi, ili mtu wa kawaida apige picha za sinema nyumbani kwake. Hata hiyo ilikuwa ya matajiri. Mwaka 1932, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakabuni hila ya kupunguza gharama: filamu ileile ya milimita 16 ilipita kamerani mara mbili, ikipigwa upande mmoja kisha ikageuzwa na kupigwa upande wa pili. Ilipokwisha kusafishwa ilikatwa katikati kwa urefu na kuungwa, ikawa mkanda mmoja wa milimita 8. Kazi ya kuigeuza iliwashinda wengi, na si ajabu katika makasha ya zamani kukuta bibi harusi amepigwa juu ya mawimbi ya bahari. Mwaka 1965 ikaja Super 8, iliyokaa ndani ya kaseti ya plastiki isiyohitaji kugeuzwa. Kaseti moja ilikuwa na filamu ya mita 15, zenye picha 3,600, na ikionyeshwa kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde iliisha kwa dakika tatu na sekunde ishirini. Baba aliyekuwa na kaseti mbili siku ya harusi ya bintiye alikuwa na chini ya dakika saba za kuchagua nini kibaki na nini kipotee. Ndiyo maana katika filamu zile watu wanapungia kamera mkono kisha wanatoweka. Hapakuwa na filamu ya kupoteza.

Kodachrome yenyewe ilitangulia Super 8 kwa miaka thelathini. Waliovumbua njia yake ni Leopold Mannes na Leopold Godowsky, wanamuziki wawili waliokuwa wakifanya majaribio ya rangi kwa mapenzi tu kabla ya Kodak kuwachukua. Inasimuliwa kwamba katika chumba cha giza, pasipoonekana saa, walihesabu muda wa dawa kwa kupiga mluzi muziki wa Brahms, kwa kuwa mwendo wake waliujua barabara. Filamu yao ilitoka mwaka 1935 katika upana wa milimita 16, na mwaka uliofuata katika milimita 8.

Hapa inafaa msomaji atuvumilie kidogo, kwani jambo hili dogo la kikemia ndilo kiini cha habari yote. Filamu nyingi za rangi, Ektachrome ikiwa mojawapo, hubeba ndani yake malighafi ya rangi, na dawa huja kuiamsha tu. Maabara ndogo yaweza kuisafisha, hata mtu makini aweza kuifanya kazi hiyo jikoni kwake. Kodachrome haikuwa hivyo. Ndani yake hamkuwa na rangi hata chembe. Zilikuwamo tabaka za picha nyeusi na nyeupe, kila tabaka likiwa limepokea sehemu yake ya mwanga. Nyekundu ya kitambaa na kijani cha mti viliingizwa baadaye, maabarani, tabaka baada ya tabaka, kwa mitambo mikubwa na dawa tatu tofauti zilizosimamiwa na wanakemia. Kwa maneno mengine, mtu aliyepiga picha alikuwa amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili, yenye rangi, ilibaki kwa Kodak.

Na hivyo ndivyo ilivyouzwa. Katika nchi nyingi za Ulaya bei ya kaseti ilijumuisha gharama ya kusafisha: familia ilinunua, ikapiga, ikatia kaseti katika bahasha iliyokuja nayo na kuipeleka posta, na baada ya siku kadhaa filamu ikarudi imezungushwa kwenye gurudumu lake, tayari kwa projekta. Marekani mambo yalibadilika mwaka 1954, pale serikali ilipoibana Kodak katika shauri la kuhodhi soko, nayo ikakubali kuuza filamu bila kuifunga pamoja na usafishaji, na kuwauzia wengine ujuzi wa kuisafisha. Wengi waliujaribu ujuzi huo, wachache wakadumu nao.

Ilikuwa filamu njema, hatuna budi kusema. Ikihifadhiwa gizani, rangi zake hudumu kwa namna ambayo filamu nyingine za zama zake hazikuweza. Ektachrome za miaka ya hamsini nyingi sasa zimegeuka wekundu uliofifia, hali Kodachrome za miaka ya arobaini zaonekana kama zilizopigwa juzi. Adui yake ni taa ya projekta. Ukiionyesha mno, hufifia haraka kuliko wenzake.

Thamani ya filamu hizi nyembamba haikuishia sebuleni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Japani, wengi wao wakiwa raia wake, na kuwafungia katika kambi. Mmoja wao alikuwa Dave Tatsuno, mfanyabiashara aliyepelekwa na familia yake katika kambi ya Topaz, jangwani Utah. Kamera zilikuwa zimekatazwa. Kwa msaada wa msimamizi wake wa kazi aliingiziwa kamera yake ya milimita 8, naye tangu mwaka 1943 hadi 1945 akapiga kwa siri, kwa Kodachrome, yale ambayo baba yeyote angeyapiga: watoto wakicheza katika theluji, waumini wakitoka ibadani, bustani za mboga kando ya mabanda, vumbi. Hakuwa akitengeneza filamu ya siasa. Mwaka 1996 filamu yake iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Kabla yake filamu moja tu ya nyumbani ilikuwa imepata heshima hiyo, nayo ni ya Abraham Zapruder, mshona nguo wa Dallas, ambaye mwaka 1963 sekunde zake 26 za Kodachrome zilinasa kuuawa kwa Rais Kennedy.

Turudi mwaka 2005. Mrithi, Ektachrome 64T, alifika, na malalamiko yakafika naye. Kwanza picha zake zilikuwa na chembechembe zinazoonekana zaidi ukutani. Pili, na hili ndilo lililowakera wenye kamera za bei nafuu, kaseti ya Super 8 ina pengo ubavuni, na kwa kulipapasa pengo hilo kamera hujua filamu ina wepesi gani wa kupokea mwanga. Kamera nyingi za kawaida zilitengenezwa kutambua vipimo viwili tu, 40 na 160, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo sokoni. Zikiletewa filamu ya 64, ziliihesabu kuwa ni 40, zikaimwagia mwanga kupita kiasi, na nyuso zikatoka zimepauka. Mzee aliyekuwa akipiga wajukuu zake kwa kamera ileile tangu 1975 alifanya kila kitu kama alivyofanya siku zote, na kasoro ikatokea pasipo yeye kukosea. Sisi tunaona kwamba kampuni iliyouza mamilioni ya kamera na kaseti kwa mpango mmoja ilipaswa kuukumbuka mpango huo ilipochagua mrithi. Watetezi wake watajibu kwamba wateja walikuwa wamebaki wachache mno, na hilo nalo ni kweli: tangu miaka ya themanini kamera za video zilikuwa zimekwisha kuinyakua kazi ya filamu ya nyumbani, na filamu ya Super 8 yenye ukanda wa sauti Kodak waliiacha mwaka 1997.

Jambo zito zaidi lilikuwa likiendelea maabarani. Mwaka 2006 maabara ya Kodak ya Lausanne, Uswisi, iliyokuwa ikipokea bahasha za Ulaya, iliacha kusafisha Kodachrome. Mwishoni mwa 2007 maabara ya Japani nayo ikaacha. Duniani ikabaki moja: Dwayne's Photo, biashara ya familia katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas. Kwa miaka mitatu picha za Kodachrome za dunia nzima zilipitia mji huo. Juni 2009 Kodak wakatangaza kwamba Kodachrome ya aina yoyote haitatengenezwa tena, wala dawa zake. Siku ya mwisho ya kupokea filamu ikawekwa tarehe 30 Desemba 2010.

Wiki zile za mwisho watu walikuja Parsons kama wanaowahi meli inayong'oa nanga. Mfanyakazi mmoja wa reli kutoka Arkansas alilipa dola 15,798 ili kuchukua roli 1,580 alizokuwa amezirundika, karibu zote zikiwa picha za treni. Wengine walituma kaseti zilizokutwa katika makabati ya wazazi waliofariki, bila kujua ndani mna nini. Mtambo ulizimwa baada ya kazi ile kumalizika, ukawa wa kuuzwa kama chuma chakavu.

Na waliochelewa? Kaseti ya Kodachrome iliyopigwa na haikusafishwa kabla ya siku ile bado ina picha ndani yake. Lakini rangi haimo, wala haijapata kuwamo. Maabara chache za Marekani na Kanada huweza kuondoa utando mweusi ulio mgongoni mwa filamu na kuisafisha kama filamu nyeusi na nyeupe. Atoke babu, atoke mtoto, pengine katika ukungu, bila rangi ya nguo zao. Katika Ulaya, ambako bei ilikuwa imekwisha kulipiwa dukani, mwenye kaseti hiyo ana haki ya huduma ambayo hakuna aliyebaki wa kuitoa. Kodak hawakuvunja sheria yoyote, na walitoa muda na onyo. Hata hivyo, amana ni neno ambalo wasomaji wa gazeti hili wanalijua uzito wake, nasi hatukupata jingine linalofaa zaidi kwa kitu kilichokabidhiwa nusu yake kwa mwingine.

Mrithi mwenyewe hakuishi. Mwaka 2010 Ektachrome 64T iliondolewa, ikaja Ektachrome 100D, nzuri kuliko iliyotangulia, ikipendwa kwa rangi zake safi za mchana. Januari 2012 Kodak waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na kabla ya mwaka kwisha Ektachrome zote zikatangazwa kukoma. Upande wa Japani, Fujifilm walikuwa na kaseti yao wenyewe, Single-8, iliyozaliwa mwaka uleule wa 1965 pamoja na mshindani wake; ilipofika 2013 usafishaji wake nao ukafungwa. Fundi mmoja na mwingine huko Ujerumani walijaza kaseti kwa filamu ya Agfa iliyotengenezwa kwa ajili ya kupigia picha za ardhi kutoka angani, mradi tu projekta zisilale.

Hapo ndipo desturi yenyewe ilipokatika, na jambo hili halikuandikwa katika tangazo lolote. Kodak waliendelea kuuza Super 8 za rangi, lakini zilikuwa negativu, jamaa wa filamu za kutengenezea sinema, ambazo Hollywood bado inazitumia. Negativu ukiitia katika projekta utaona uso wa buluu na meno meusi. Sharti iskaniwe, igeuzwe kwa kompyuta, itazamwe kwenye skrini. Kwa mwanafunzi wa sinema hiyo si hasara. Kwa nyumba iliyozoea kuzima taa, kutandika shuka ukutani na kusikiliza mlio wa projekta hali shangazi akitaja majina ya waliomo, ilikuwa ni mwisho wa jambo. Iliyobaki kwenda moja kwa moja kutoka kamerani hadi ukutani ilikuwa Tri-X, nyeusi na nyeupe.

Kusema haki, hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2015 studio kubwa za Hollywood zilitia saini mikataba ya kuendelea kununua filamu kwa Kodak. Filamu yote hupakwa dawa ikiwa pana kama jamvi, kisha ndipo hukatwa vipande vyembamba. Kwa hiyo Super 8 huishi kwa makombo ya karamu ya wakubwa, na karamu ikiwapo makombo hayakosi. Januari 2017 Kodak wakatangaza kuirudisha Ektachrome, na mwishoni mwa 2018 kaseti zake zikawa madukani tena. Kodachrome hawakuirudisha. Waliahidi pia kamera mpya ya Super 8 tangu Januari 2016, nayo ikatoka karibu miaka minane baadaye kwa dola 5,495. Ni bei ya gari lililotumika, wala haiwezi kuitwa tena chombo cha baba wa nyumba.

Kwa wasomaji wetu ambao katika sanduku la marehemu, pwani ama ughaibuni, mna magurudumu ya filamu za namna hii, tuseme machache yanayowafaa. Filamu iliyokwisha kusafishwa haimtegemei tena Kodak wala yeyote. Picha iko pale, ukiinua mkanda kwenye mwanga utaiona kwa macho. Ikiwa vitundu vya pembeni ni vikubwa na tundu la katikati la gurudumu ni dogo, hiyo ni ya milimita 8 ya zamani; vitundu vidogo na tundu kubwa la katikati ni Super 8. Jina Kodachrome mara nyingi limechapwa ukingoni, na ukiuinamisha mkanda huo kwenye mwanga utaona picha imeinuka kidogo juu ya uso wake kama nakshi.

Inuseni. Harufu ya siki ni dalili kwamba plastiki yake, iitwayo asetati, imeanza kuoza. Joto na unyevu wa pwani huharakisha ugonjwa huo, na filamu moja huambukiza nyingine ndani ya kopo lililofungwa. Itengwe, ipelekwe kuskaniwa kwanza. Msikimbilie kuiweka katika projekta kuukuu iliyotoka darini, kwani filamu iliyosinyaa hukatika menoni mwake na kuunguzwa na taa. Skani inayochukua picha mojamoja ni bora kuliko kuilekezea kamera picha iliyo ukutani. Wala filamu yenyewe isitupwe baada ya hapo. Wengi waliohamishia filamu zao katika kanda za video miaka ya themanini wakatupa asili, leo wana kanda isiyo na mashine ya kuichezesha.

Kaseti iliyofungwa, ambayo filamu yake haionekani isipokuwa kipande kidogo mbele, huenda haijasafishwa. Isifunguliwe kwenye mwanga. Someni kilichoandikwa juu yake: ikiwa ni Ektachrome ya 64T au 100D, zipo maabara zinazoisafisha hadi leo, ingawa rangi zitakuwa zimechoka. Ikiwa ni Kodachrome, itatoka nyeusi na nyeupe, kwa gharama isiyo ndogo, na maabara haitaahidi kitu. Kabla ya kuituma, waulizeni wakubwa wa ukoo ilipigwa lini na wapi na ni akina nani waliokuwapo, na majina hayo yaandikwe juu ya kasha kwa penseli.